Marufuku Kuchanganya Oili

Mke wangu alikuwa akiliita lile gari mke mwenzake. Aliwaambia majirani kwamba kaolewa peke yake, lakini kila asubuhi mume anaamkia kwa bi mdogo, anamfuta uso, anamkagua miguu, ndipo anakumbuka kuuliza chai iko wapi. Watu walicheka na mimi nilicheka, maana ilikuwa kweli. Sasa bi mkubwa hayupo. Amebaki huyo bi mdogo uani, rangi imefifia, mlango wa mbele wa abiria haufunguki mpaka uufungue kwa ndani.

Tangu tumzike marehemu nilikuwa naliwasha gari kila asubuhi. Silitoi. Naliwasha, linanguruma pale pale mpaka chai iive, nalizima. Nilikuwa na sababu yangu. Siku mke wangu aliposhikwa na kifua, gari lilikuwa pale uani, lina petroli, lina kila kitu. Nikapiga simu kituo cha afya. Msimamizi wa magari wa pale ni shemeji yangu, kaka wa marehemu, wamelala tumbo moja. Akaniambia, "Shemeji, usimtikise mgonjwa. Gari la wagonjwa lipo, lina oksijeni, linakuja." Tukakaa barazani, mke wangu kaniegemea bega, tunatazama njia. Nikapiga tena. "Lipo, linakuja." Nikapiga tena. Mwisho nikambeba mwenyewe, nikamlaza kiti cha nyuma, na kabla hatujaanza kupanda kilima alikuwa ameshaacha kunijibu.

Gari lipo. Kwangu mimi maneno mawili hayo ndiyo yaliyomzika, si kifua.

Baada ya msiba wakubwa wa makao makuu wakatoa tangazo, shemeji akalibandika ukutani pale kituoni, lina muhuri, lina saini ndefu kama nyoka. Lilisema dereva wa gari la wagonjwa alichanganya oili ya sintetiki, ile ya gharama, na oili ya kawaida, injini ikaharibika njiani, dereva amefukuzwa, na kuanzia siku hiyo ni marufuku kuchanganya oili. Mji mzima ukalisoma. Mpaka wauza mkaa wasiokuwa hata na baiskeli wakawa wanaonyana: jamani, oili haichanganywi. Gari lenyewe likapandishwa juu ya mawe nyuma ya kituo, kuku wakapata pa kutagia. Shemeji akabaki kwenye kiti chake na kalamu yake mfukoni. Wa chini kafukuzwa, wa juu kapiga muhuri, mimi nimezika.

Msibani nilimpa mkono shemeji kwa sababu watu walikuwa wanatazama. Baada ya hapo sikumsemesha.

Basi ndiyo sababu ya kuwasha gari kila asubuhi. Nilijiapiza kwamba siku nyingine ya namna ile ikija, simsubiri mtu yeyote mwenye ofisi.

Na ikawa inakuja. Binti yangu alirudi nyumbani na tumbo kubwa, mumewe yuko kazini mji wa mbali, mtoto wa kwanza kamwacha kwa bibi yake wa upande wa baba. Yule wa kwanza alitolewa kwa kisu. Daktari wa hospitali kubwa, ng'ambo ya kilima, alimwambia safari hii uchungu ukianza tu aende mbio, kwa sababu kovu la mwanzo linaweza kupasuka, na likipasuka hawataokoka, yeye wala mtoto. Aliniambia hayo huku anakunja nguo, kwa sauti ya mtu anayekwambia chumvi imekwisha.

"Kituoni wanasemaje?" nikamuuliza.

"Mjomba anasema gari jipya limeagizwa."

"Limeagizwa," nikasema.

"Baba, usianze."

Sikuanza. Nikaenda kumwita fundi.

Fundi wetu watu wanamwita Taratibu, na jina limemkaa kama shati la kushonesha. Alizunguka gari, akakohoa, akafungua boneti, akaitazama injini kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine.

"Linatembea?" akauliza.

"Linawaka. Ukigusa ufunguo tu."

"Sikuuliza kama linawaka, mzee. Linatembea?"

"Halina pa kwenda."

Akafungua kifuniko cha kutilia oili, akakigeuza. Ndani yake kulikuwa na ute mzito, mweupe unaoelekea unjano, kama losheni ya kupaka mtoto. Akautia kidole, akaninyooshea.

"Nini hiki?"

"Kwani si oili?"

"Ilikuwa oili." Akajifuta kwenye tambara. "Unaliwasha kila siku, halijapata moto sawasawa, unalizima. Humo ndani unyevu unajikusanya, haupati joto la kuufukuza, unaingiana na oili, mnabaki na tope. Mwaka mzima mzee wangu ulikuwa unaliua kwa upole."

"Nimelitunza."

"Umelitunza kama maiti," akasema, halafu akakumbuka anaongea na nani. Akainamisha kichwa ndani ya injini. "Nisamehe, mzee. Mdomo umeteleza."

Nilitazama ule ute kwenye tambara lake. Nilichokuwa nakiweka tayari kila asubuhi ndicho nilichokuwa nakiharibu, na hakuna mkubwa yeyote wa kumsingizia katika hilo, na hilo lenyewe lilinitia hasira.

Taratibu akaingia chini ya gari, akafungua nati ya kumwagia oili. Ilitoka kwa shida, nyeusi, nzito, inasitasita kama mpangaji anayetolewa nyumba. Ilikuwa bado inadondoka kwenye beseni nilipoona kivuli langoni.

Shemeji. Kavaa shati lake la kazini, kopo jipya la oili kwapani, limefungwa bado.

"Hodi hapa," akasema.

Taratibu akamkaribisha kutoka chini ya gari. Mimi nikaokota spana, nikaanza kuifuta.

"Mpwa wangu kaniambia mnalifufua," shemeji akasema. "Nimeleta hii. Sintetiki. Kilima kile kinachemsha injini, shemeji. Oili hii haikatiki kwa joto, na asubuhi gari likiwa baridi inapanda haraka juu ya injini kuliko hii nzito yenu."

"Umeisoma kwenye kopo," nikamwambia.

"Nimeisoma, ndiyo."

"Mnasoma sana nyinyi. Na matangazo mnaandika."

Taratibu akatoka chini ya gari, akakaa kitako, akapokea kopo, akaligeuza huku na huku. "Oili nzuri hii," akasema. "Kwa injini iliyotunzwa, hata iwe kuukuu, mimi mwenyewe ningeitia. Lakini hii imelala na uchafu wake. Sintetiki ina dawa kali ya kusafisha, mara nyingi. Uchafu ukibanduka wote kwa mpigo unakwenda kukaa kwenye chujio kule chini, oili inashindwa kupanda, injini inakauka huku oili imejaa. Halafu kuna sili huku nyuma, ule mpira wa kuzuia oili, imechoka. Saa hizi imezibwa na huo huo uchafu. Ukiusafisha kwa nguvu, inatiririka."

"Kwa hiyo?" nikauliza, ingawa nilishaanza kufurahi.

"Kwa hiyo tunatia ya kawaida, tena nzito kidogo. Unalitembeza kila siku, si kulingurumisha, kulitembeza, lipate moto. Baada ya siku chache tunaimwaga hiyo, tunatia nyingine ya kawaida. Injini ikishajisafisha pole pole, hapo mkitaka sintetiki, karibuni. Mtu kalala kitandani mwaka mzima, humwamshi ukamwambia kimbia."

"Umesikia?" nikamwambia shemeji. Lilikuwa neno langu la kwanza kumwambia nikimtazama usoni tangu msiba. "Chukua kopo lako."

"Liache tu, litafaa siku—"

"Chukua kopo lako, shemeji. Katika gari hili haingii kitu kilichotoka mkononi mwako. Na oili haichanganywi, tangazo mmeandika wenyewe."

Niliona uso wake ukinywea, kama mtu aliyemeza kitu cha moto mbele za watu. Nikadhani ni aibu. Akachukua kopo lake, akageuka. Binti yangu alikuwa mlangoni, kasikia yote. Akamfuata mjomba wake mpaka langoni, wakasimama wakanong'ona. Sikujali walichonong'ona. Nilikuwa nashika faneli.

Taratibu alipomaliza alinipa kopo la oili ya kawaida lililobaki nusu. "Hili lisibanduke kwenye gari. Sili ile itavuja, hata kwa hii. Ukifika nusu ya kilima simama, pima, ongeza. Taa nyekundu ya oili ikiwaka, usibishane nayo. Zima injini hapo hapo."

"Nimekuelewa."

"Wazee huwa mnasema hivyo."

Nikalitembeza. Siku ya kwanza mpaka sokoni na kurudi, watu wananitazama kama nimefufuka mimi. Siku ya pili mpaka kiwanda cha matofali. Kila nikirudi nilikuwa nalaza gazeti chini ya gari, na kila asubuhi gazeti lilikuwa na doa, na doa lilikuwa linakua. Napima kwa kijiti, naongeza kidogo, kopo naliweka ngazini pa kutokea uani ili nisilisahau.

Ndipo nilipolisahau.

Ilikuwa mchana, jua limesimama. Nilikuwa napanga kwenda kumwita Taratibu aje kumwaga oili mara ya pili. Nikasikia ndoo imeanguka ndani. Nilipoingia, binti yangu alikuwa ameshika mwimo wa mlango kwa mikono miwili, kichwa kainamisha, anapumua kwa mdomo.

"Tayari?" nikauliza, swali la kijinga.

"Tangu asubuhi nilidhani ni mgongo tu," akasema. "Baba, hapa kwenye kovu panawaka."

Sijui nilivyofika uani. Nilimwingiza kiti cha nyuma, kile kile, nikamnyooshea miguu, nikafunga mlango, nikawasha, nikatoka. Kopo lilibaki ngazini linanitazama kisogo.

Karibu na kituo cha afya nikamwona shemeji kasimama katikati ya barabara, mikono juu.

"Simama, baba," binti yangu akasema. "Nimempigia mimi."

"Sisimami."

"Baba." Akashika kiti mpaka maumivu yakapita. "Wewe unaendesha. Nani atanishika?"

Nikakanyaga breki. Shemeji akaingia nyuma bila kuomba, akakaa sakafuni kabisa, kati ya viti, akampa mpwa wake mkono aung'ate au auminye, shauri lake. Juu ya kichwa chake, kupitia dirisha, niliona lile tangazo ukutani, jua limelifanya njano, muhuri bado unang'aa.

Njia ya kilima ilichimbuliwa na wakubwa miaka ya nyuma ili itengenezwe. Wakachimba, wakaweka ubao umeandikwa Kazi Inaendelea, wakaondoka. Ubao wenyewe ushaanza kuota kutu. Kila shimo nililoliingia, binti yangu alitoa sauti ndogo, si kilio, sauti kama ya mtu anayebeba mzigo uliomzidi. Nikajaribu kuyakwepa, gari likayumba. Nikaweka gia ya pili. Injini ikaanza kupiga kelele za juu, na joto lake likanipanda miguuni.

"Pole pole, shemeji," akasema yule wa sakafuni.

"Nenda kaendeshe kiti chako cha ofisini."

Tulipofika pale kilima kinapojikunja, taa nyekundu ya oili ikakonyeza. Mara moja, ikazima. Nikajifanya sikuiona. Kona ya pili ikawaka, ikakaa, ikazima. Kona ya tatu ikawaka na haikuzima.

Nikazima injini. Nikavuta breki ya mkono, nikashuka, nikaweka jiwe nyuma ya tairi. Kimya cha pale juu kilikuwa kibaya. Hakuna gari, hakuna mtu, simu haishiki. Chini kabisa paa la kituo cha afya linametameta. Mkononi nilikuwa na kijiti cha kupimia oili, nimekifuta, nimekichovya, nimekivuta. Ncha tu ndiyo iliyolowa.

Nikafungua buti. Nikatafuta kopo langu. Nikatoa gurudumu la akiba, nikatupa jeki, nikatupa gunia. Halikuwepo. Chini kabisa, limeviringishwa kanga ya marehemu, lilikuwepo kopo jingine. Jipya, halijafunguliwa.

"Nililiweka mimi," binti yangu akasema kutoka ndani, pumzi zimemkatika. "Siku ile ile. Usinigombeze sasa hivi."

Nilisimama na lile kopo. Nilifikiri juu ya lile gari la wagonjwa kwenye mawe. Nilifikiri injini ikiganda hapa, katikati ya kilima, na binti yangu kwenye kiti kile kile.

Shemeji akashuka. Damu ilikuwa inamtoka kwenye kiganja alipoumwa. "Tia, shemeji," akasema.

"Ndani kuna ya kawaida. Hii ni sintetiki."

"Najua. Tia."

"Mlisema wenyewe. Dereva kachanganya, injini ikafa. Umebandika wewe."

"Nimebandika mimi."

"Sasa unataka nifanye kilichomuua dada yako?"

Akatazama barabarani, halafu akanitazama mimi. Nilimwona akikata shauri, kama mtu anayeingia mto wa baridi.

"Dereva hakuchanganya," akasema.

"Nini?"

"Hakuchanganya chochote. Asubuhi ya siku ile alinijia ofisini, akasema gari limepungukiwa oili, dukani hapo jirani kuna ya kawaida, nimpe ruhusa aongeze. Nikakataa. Agizo la wakubwa lilisema gari lile jipya litiwe sintetiki ya aina moja tu, na hiyo ilikuwa haijaletwa. Nikamwambia aendeshe pole pole, isubiriwe. Ulipopiga simu nikamtuma. Alitoka, shemeji. Alikuwa anakuja kwenu kweli. Injini ikakauka hapo kwenye daraja dogo, ikashika, haikuzunguka tena. Ilikufa kwa kukosa oili. Ya kawaida ingelifikisha."

Binti yangu ndani ya gari alikuwa ameinua kichwa. Anasikia.

"Na mimi nilipopiga tena?"

"Nilikwambia linakuja."

"Ulikuwa unajua."

"Mara ya kwanza sikujua. Mara ya pili nilijua." Akajifuta damu ya kiganja kwenye shati. "Niliogopa kusema. Halafu wakubwa wakasema, gari jipya haliwezi kufa kwa agizo letu, lazima kuna mtu kachanganya. Wakaandika. Wakaniambia nibandike, au nimfuate dereva. Nikabandika."

Spana ilikuwa pale, juu ya gunia nililolitupa. Niliiona, na yeye aliniona nikiiona. Hakurudi nyuma.

Nilikuwa nimemwamini mtu huyu alipodanganya, nikakaa barazani. Sasa ananiambia nisiamini kile alichokibandika mwenyewe. Kichwani mwangu yale maneno ya muhuri yalikuwa yamekaa kama msumari, mwaka mzima nawatukana wakubwa, na kumbe neno lao moja nimelibeba kama kitabu cha dini. Kama anadanganya tena, injini itaganda na tutakufa nayo hapa. Kama anasema kweli na nikikataa, nitakuwa nimefanya alichokifanya yeye: nimesimama na oili mkononi, nangoja iliyoruhusiwa.

"Baba," binti yangu akasema. Neno hilo tu. Hakuongeza.

Nikafungua kopo kwa meno. Faneli haikuwepo, shemeji akakunja kipande cha boksi la jeki, akakishikilia juu ya tundu la oili kwa kiganja chake chenye damu. Nikamimina. Ile oili ilikuwa nyepesi, ya rangi ya asali, inateremka bila kelele. Nikasubiri ishuke. Nikapima. Nikaongeza. Nikapima.

"Ingia," nikamwambia.

Nikageuza ufunguo. Taa nyekundu ikawaka, kama inavyowaka siku zote kabla injini haijashika. Injini ikashika. Taa ikakaa. Nikahesabu pumzi zangu. Nyuma yangu hakuna aliyepumua. Taa ikazima.

Nikaondoa breki ya mkono.

Kuanzia hapo sikutazama barabara sana kama nilivyotazama ile taa. Kila kona nilingoja ikonyeze. Kila injini ilipobadili sauti, nililegeza mguu. Shemeji kule nyuma alikuwa anaongea na mpwa wake maneno ya kitoto, anamkumbusha alivyokuwa akimwibia peremende mfukoni, anamuuliza mtoto atamrithi nani pua. Binti yangu akamwambia akome, akicheka kovu linauma. Halafu akaacha kumjibu. Nikamsikia shemeji akimwita. Akamwita tena.

Nilizijua sauti zile. Nilishawahi kuziita mimi mwenyewe, kwenye barabara ile ile.

"Ongea naye," nikasema. "Usinyamaze. Mpige kofi ikibidi."

"Ananiminya mkono," shemeji akasema. "Bado ananiminya."

Tukavuka kilele. Niliachia gari liteleze, nikapiga honi tangu mbali, na getini mwa hospitali mlinzi aliyetaka kuuliza kitambulisho aliruka pembeni. Wauguzi wawili wakaja na kitanda cha magurudumu. Mmoja alimgusa tumbo, akamwangalia mwenzake, wakaanza kukimbia bila kusemezana.

Tulikaa kwenye benchi la nje, mimi upande huu, yeye upande ule, na nafasi ya mtu mzima katikati. Nilikwenda kwenye gari nikapima oili. Nilirudi nikakaa. Nikaenda tena. Chini ya injini palikuwa pamefanyika kidimbwi, lakini kwenye kijiti oili ilikuwepo, safi, haijaganda, haijawa uji, haijawa kitu chochote zaidi ya oili. Nikaisugua kati ya vidole. Huwezi kusema ipi ni ipi.

Daktari alipotoka alikuwa na alama ya barakoa usoni. Alisema kovu lilishaanza kuachia. Alisema tungechelewa kidogo tu, basi. Hakumaliza. Mtoto wa kike, mama yake mzima, amelala. Shemeji alijifunika uso kwa mikono yote miwili. Mimi nilimuuliza daktari kama naweza kulisogeza gari, linachafua uwanja wao.

Tulikaa pale mpaka kesho yake, tukamwona mtoto. Pua ni ya bibi yake. Binti yangu alimpa mjomba wake kumbeba, akanitazama mimi wakati anampa, na mimi nikatazama dirishani.

Wakati wa kurudi, shemeji alikaa mbele kwa sababu nyuma palikuwa bado pana maji na damu. Kopo la sintetiki lilikuwa miguuni kwake, limebaki kidogo. Tulipita ile kona, na kule chini, upande wa kwetu, daraja dogo likaonekana. Alilitazama, nami nikamwona akilitazama. Tukafika kituo cha afya. Nikasimamisha gari mbele ya ukuta wenye tangazo. Watu walikuwepo, akina mama wa kliniki kwenye foleni, mfagizi, karani mmoja dirishani anachokoa meno.

Sikumwambia kitu. Sikuzima injini.

Alikaa kidogo, mikono magotini. Halafu akashuka. Akaenda hadi ukutani, akalibandua lile tangazo kuanzia juu. Halikutoka lote, gundi yao ilikuwa nzuri, kipande chenye muhuri kilibaki, akakikwangua kwa kucha. Yule karani akatoa kichwa dirishani. "Bosi, hilo la makao makuu hilo." Shemeji akageuka, akaiangalia ile foleni, na akaanza kuwaambia. Kwanza kwa sauti ndogo, mama mmoja akasema hasikiki, akapandisha sauti. Alimtaja dereva. Alijitaja mwenyewe. Alimtaja marehemu dada yake kwa jina lake, jina ambalo mimi sijalitamka kwa mdomo tangu nilipomfukia.

Sijamsamehe. Watu wananiuliza, na jibu langu ni hilo. Na waliompa ile karatasi bado wako kwenye viti vyao, wanasaini.

Alipomaliza alibaki kasimama pale, karatasi mkononi, hajui aingie ofisini au aende wapi. Akalitazama gari. Fundi Taratibu alinikataza kuliacha lingurume bure limesimama. Siku ile niliacha lingurume. Sikumwambia apande, lakini nilijinyoosha nikamfungulia ule mlango usiofunguka kwa nje.